Je, Akiba Haiozi? Uteuzi wa Kihifadhi cha Mtandao wa Ndani kwa Nyumba na Ofisi Ndogo za Malindi na Kilifi

IKISIRI

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Makala haya yanaihoji methali hiyo kwa kuitazama akiba ya kidijitali: sauti za wazee, picha za miswada, tasnifu na kumbukumbu za biashara ambazo leo huwekwa katika simu, flashi na tarakilishi za watu binafsi katika ukanda wa Malindi na Kilifi. Makala yanaeleza kihifadhi cha mtandao wa ndani ni kitu gani, yanajadili tatizo la istilahi linalowatatiza wasomaji wa Kiswahili, kisha yanapendekeza vigezo vya kukiteua kifaa hicho kwa kuzingatia hali halisi ya pwani. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi huanza na kifaa ilhali angepaswa kuanza na akiba yenyewe.

1.0 UTANGULIZI

Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja Mgiriama wa Kilifi akiwa amesimama kando ya vigango viwili. Vigango, kama ijulikanavyo, ni nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia marehemu waliokuwa wanachama wa Gohu. Viwili hivyo vilikuwa vya ndugu zake mzee huyo. Haukupita muda mrefu kabla ya vigango hivyo kuibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanataaluma nchini Marekani, Linda Giles alikuwa akionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State. Udvardy alipotazama, alikitambua kimoja. Ndicho kile alichokipiga picha miaka 14 iliyotangulia. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Hatimaye vilirejeshwa Kenya, na mwaka 2007 jamaa hiyo ikakabidhiwa mali yake. Mzee mwenyewe hakuwahi kuiona siku hiyo, alikuwa ameshafariki.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha wizi na haki. Ni nadra kusimuliwa kama kisa cha hifadhi. Lau picha ile ingepotea katika kipindi cha miaka 14, jamaa hiyo ingekuwa na ushahidi gani? Picha moja iliyotunzwa, ikajulikana ilipo, ya nani na ya lini, ndiyo iliyovirudisha vigango nyumbani. Hapa ndipo inapojidhihirisha maana ya methali nyingine ya Waswahili: mali bila daftari huisha bila habari.

Leo mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda Mambrui, Ganze au Takaungu hurekodi kwa simu. Baada ya utafiti, rekodi huhamishiwa kwenye flashi moja, nayo flashi hutiwa mfukoni. Mwenye duka la picha mjini Malindi huweka harusi za miaka kumi katika diski moja ya nje iliyo juu ya meza. Jamaa yenye miswada ya babu yao huipiga picha na kuiacha katika simu ya kijana mmoja. Katika hali zote hizi akiba ipo, lakini akiba hiyo yaweza kuoza usiku mmoja. Mzee aliyerekodiwa akishafariki, rekodi hiyo hugeuka kuwa ndiyo nakala asilia, na hakuna atakayeweza kuirudia kazi hiyo.

2.0 HISTORIA FUPI: AKIBA YA PWANI ILIVYOSAFIRI

Suala la mahali pa kuiweka akiba ya Kiswahili si geni katika Kilifi. Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na kuhamia Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, aliipelekea Ujerumani miswada ya tenzi za Kiswahili. Mwaka 1854 miswada hiyo, ukiwemo ule wa Chuo cha Herkal, iliingia katika maktaba ya Jumuiya ya Wanataaluma wa Mashariki mjini Halle. Rabai leo imo katika Kaunti ya Kilifi, lakini msomi wa Rabai anayetaka kuiona miswada hiyo hana budi kuelekeza macho yake Ulaya. Yaweza kudaiwa kwamba kusafirishwa kwake ndiko kulikoinusuru na mchwa na unyevu. Dai hilo lina ukweli wake, ila linaacha swali: je, hapakuwa na njia ya kuinusuru bila kuihamisha?

Teknolojia ya kidijitali imeleta jibu la sehemu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza unaoshughulikia kumbukumbu zilizo hatarini. Miswada yenyewe ilibaki Lamu. Kilichosafiri ni nakala. Huo ni mwelekeo wa kupongezwa. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2023 Maktaba hiyo ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandao walioziteka data zake na kudai kikombozi. Maktaba ilikataa kulipa. Huduma zake nyingi za mtandaoni, pamoja na miswada mingi iliyokuwa imewekwa katika sura ya kidijitali, hazikufikika kwa miezi kadhaa. Funzo ni bayana: nakala iliyo mbali ni muhimu, lakini asiyekuwa na nakala nyumbani ni mgeni katika akiba yake mwenyewe.

3.0 KIHIFADHI CHA MTANDAO WA NDANI NI NINI?

Kwa maelezo mepesi, kifaa hiki ni tarakilishi ndogo isiyo na kiwambo wala kibodi, yenye nafasi za kutilia diski moja, mbili, nne au zaidi. Huunganishwa kwa kebo na ruta ya nyumba au ofisi. Kikishaunganishwa, kila tarakilishi na kila simu iliyo katika mtandao huo, na iliyopewa ruhusa, huweza kuweka na kusoma mafaili yaliyomo. Tofauti yake na diski ya nje ni kwamba diski ya nje humtumikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, ilhali kihifadhi hiki huwatumikia wote kwa pamoja, mchana na usiku. Tofauti yake na huduma za wingu ni kwamba hukaa kwa mwenyewe, na hakihitaji intaneti ili kufanya kazi.

Hapa linajitokeza tatizo la istilahi. Katika Kiswahili cha leo neno mtandao limebeba maana mbili: muungano wowote wa vifaa vinavyowasiliana, na intaneti yenyewe. Anayeambiwa kwamba kifaa fulani ni "kihifadhi cha mtandao" huenda akafahamu kwamba data zake zitakaa kwenye intaneti, na kwamba nyumba ikiungua data zitasalia. Huo ni upotovu wenye gharama. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza istilahi kihifadhi cha mtandao wa ndani, ambapo kivumishi "wa ndani" hubainisha kwamba muungano unaorejelewa ni ule wa nyumbani au ofisini. Istilahi hii ni ndefu, lakini inakidhi sharti la uwazi ambalo wanaleksikografia huliweka mbele ya sharti la ufupi pale ambapo kosa la maana laweza kumtia msemaji hasara.

Vivyo hivyo, maneno hifadhi na nakala hayana budi kutenganishwa. Kuweka faili katika kihifadhi ni kulihifadhi. Kuwa na nakala ni kuwa na faili lilo hilo mahali pengine. Mtu aliyehamisha mafaili yote kutoka tarakilishi hadi kihifadhi na kuyafuta kule yalikotoka hana nakala. Amehama nyumba tu.

4.0 VIGEZO VYA UTEUZI

4.1 Kuikadiria akiba

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuuliza kifaa kipi ni bora kabla ya kuuliza akiba ni kiasi gani. Hesabu hii si ngumu. Rekodi ya sauti isiyobanwa ya kiwango cha kilohezi 48 na biti 24, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, hutumia takriban gigabaiti 1 kwa kila saa ikiwa ni ya mikondo miwili. Video ya kawaida inayorekodiwa kwa megabiti 25 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 11 kwa saa. Picha ya ukurasa wa mswada iliyopigwa kwa kamera ya megapikseli 24 na kuhifadhiwa bila kubanwa hutumia takriban megabaiti 72.

Chukulia chama cha wanafunzi chenye saa 300 za sauti, saa 40 za video na kurasa 3,000 za miswada. Sauti itachukua takriban gigabaiti 311, video gigabaiti 450 na miswada gigabaiti 216. Jumla ni gigabaiti 977, yaani karibu terabaiti 1. Kwa kuwa akiba hukua, ni busara kununua nafasi iliyo mara tatu au nne ya ile inayohitajika leo. Mnunuzi akumbuke pia kwamba diski iliyoandikwa terabaiti 4 huonyeshwa na tarakilishi nyingi kuwa takriban 3.6. Hajaibiwa, ni tofauti ya namna ya kuhesabu baina ya mtengenezaji na programu.

4.2 Idadi ya diski na mpangilio wake

Kihifadhi chenye nafasi moja ya diski ni rahisi, lakini diski hiyo ikifa kila kitu kimekufa. Chenye nafasi mbili huweza kupangwa ili diski ya pili iwe pacha wa ya kwanza: kila kinachoandikwa katika moja huandikwa katika nyingine. Mpangilio huu mafundi huuita reidi 1. Diski mbili za terabaiti 4 zikipangwa hivyo hutoa nafasi ya terabaiti 4, si 8. Nusu nyingine ni gharama ya usalama. Chenye nafasi tatu au zaidi huweza kutumia reidi 5, ambapo nafasi inayopotea ni ya diski moja tu: diski nne za terabaiti 4 hutoa terabaiti 12, na moja ikifa kazi huendelea. Reidi 6 huvumilia vifo viwili, na kwa diski zizo hizo nne hutoa terabaiti 8.

Kwa nyumba na ofisi nyingi ndogo, diski mbili pacha zinatosha. Kwa studio ya video au ofisi yenye wafanyakazi kadhaa, nafasi nne zina faida kwa sababu akiba yaweza kupanuliwa bila kununua kifaa kipya.

Ni sharti isisitizwe hapa kwamba pacha si nakala. Diski pacha humkinga mwenyewe na kifo cha diski, basi. Mtu akifuta faili kimakosa, faili hilo hufutika katika diski zote mbili papo hapo. Mwizi akichukua kifaa, huchukua pacha wote. Radi, moto na maji havichagui.

4.3 Aina ya diski

Diski za kawaida za tarakilishi za mezani hazikuundwa kufanya kazi saa 24. Zipo zilizoundwa mahsusi kwa vihifadhi hivi, nazo hugharimu zaidi kidogo. Kuna tofauti nyingine iliyojitokeza hadharani mwaka 2020, pale ilipobainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa kazi hii zilitumia njia ya kuandika ambapo mistari ya data hupandana kama vigae vya paa. Njia hiyo huongeza nafasi, ila huchelewesha mno kazi ya kuijaza diski mpya baada ya pacha wake kufa, na huo ndio wakati ambao akiba imebaki na diski moja tu. Mnunuzi amuulize muuzaji swali hili waziwazi, na asome maelezo ya mtengenezaji kuhusu namba kamili ya diski anayouziwa. Aidha, si vyema diski zote zitoke katika fungu moja la kiwandani, kwani zilizozaliwa pamoja huweza kufa pamoja.

4.4 Umeme, chumvi na joto

Vigezo vilivyotajwa hadi hapa vinapatikana katika maelezo ya nchi yoyote. Pwani ina vyake.

La kwanza ni umeme. Mnamo tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi. Lakini kukatika kwa muda mrefu si hatari kama kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, jambo ambalo wakazi wa pwani hawahitaji kuelezwa. Kihifadhi kinachozimika ghafla huku kikiandika huweza kuharibu mpangilio mzima wa mafaili. Kwa hiyo kifaa cha akiba ya umeme chenye betri ni sehemu ya ununuzi, si pambo. Uteuliwe ule unaoweza kuunganishwa na kihifadhi kwa kebo ndogo ya data, ili umeme ukikatika na betri ikikaribia kwisha, kihifadhi kijizime chenyewe kwa utaratibu. Kihifadhi chenye diski mbili kinachotumia wati 20 hutumia takriban kilowati-saa 175 kwa mwaka, kiasi ambacho hata mfumo mdogo wa jua waweza kukimudu.

La pili ni chumvi na unyevu. Hewa ya bahari hula vyuma vya viunganishi na bodi za umeme kama inavyokula mabati na misumari. Kihifadhi kisiwekwe dirishani panapoingia upepo wa kusi. Kikae katika chumba cha ndani, juu ya rafu, mbali na sakafu inayoweza kuingiwa na maji wakati wa masika. Lakini pia kisifungiwe kabatini, kwani joto litakosa pa kutokea. Nyumba za makuti zina vumbi lake, na mijusi hupenda kutaga palipo na joto. Matundu ya feni yakaguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi michache.

La tatu ni intaneti. Tangu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zifike Mombasa mwaka 2009, wengi wameona kwamba wingu linatosha. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Isitoshe, hesabu yenyewe inafunza. Kuipandisha terabaiti 1 kwenye wingu kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa usiku na mchana. Kuiandika terabaiti hiyo hiyo katika kihifadhi kupitia kebo ya gigabiti 1 huchukua takriban saa mbili na nusu. Kwa sababu hiyo kihifadhi kiunganishwe kwa kebo, si kwa waifai, na ruta iwe na matundu ya gigabiti.

4.5 Programu na umri wa kifaa

Kihifadhi ni tarakilishi, na tarakilishi huhitaji visasisho. Mnamo Juni 2021 watumiaji wa vifaa vya zamani vya My Book Live katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta data zao zimefutwa na wavamizi waliopitia intaneti. Vifaa hivyo vilikuwa havijapata visasisho tangu 2015. Mwaka uliofuata, programu ya utekaji data iliyoitwa Deadbolt ilivishambulia vihifadhi vya QNAP vilivyokuwa vimefunguliwa kwa intaneti. Mambo matatu yanafuata. Mnunuzi achunguze mtengenezaji ameahidi kutoa visasisho hadi mwaka gani, hasa anaponunua kifaa kilichotumika. Asikifungue kifaa kwa intaneti ikiwa hana haja hiyo. Na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza.

Programu ya kihifadhi itazamwe pia kwa jambo jingine: uwezo wa kutunza matoleo ya awali ya faili. Uwezo huu humruhusu mtu kurudi katika hali ya jana au ya juma lililopita endapo faili limefutwa au limeharibiwa. Kwa mwandishi wa tasnifu, hiyo ni neema isiyo kifani.

5.0 KANUNI YA NAKALA TATU

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ambayo hukumbukwa kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Nakala ziwe tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe mahali pengine. Kanuni hii haikupaswa kuwa ngeni kwa watu wa Kilifi. Mkulima wa Kigiriama huweka mahindi katika uchaga ulio juu ya meko ili moshi uyakinge na dumuzi. Mbegu huzitenga na chakula, kwa sababu anajua kwamba njaa ikija mkono hautachagua. Uchaga ni kihifadhi. Mbegu iliyotengwa ni nakala. Na moshi ni utunzaji wa kila siku ambao bila huo uchaga wenyewe haufai kitu.

Katika utekelezaji, nakala ya kwanza yaweza kukaa katika kihifadhi. Ya pili iwe katika diski ya nje inayounganishwa mara moja kwa juma, kisha ikachomolewa, kwa kuwa kisichounganishwa hakitekwi na programu za uhalifu. Ya tatu ipelekwe kwingine: kwa jamaa aliye Mombasa, katika maktaba ya chuo, au katika wingu kwa yale machache yenye thamani kuu. Aishiye Malindi asiiweke nakala ya tatu nyumba ya pili mtaa huo huo.

Moshi wa kidijitali nao ni nini? Ni kukiamuru kihifadhi kizisome diski zote mara moja kwa mwezi na kutafuta makosa. Ni kusoma taarifa zake badala ya kuzipuuza. Zaidi ya yote, ni kujaribu kurejesha faili kutoka katika nakala, angalau mara mbili kwa mwaka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

6.0 DAFTARI LA MALI

Kifaa hakijui kilichomo. Rekodi iitwayo "sauti 07" haina tofauti na kigango kisicho na picha: ipo, lakini hakuna awezaye kuthibitisha ni ya nani. Kila faili lipewe jina lenye tarehe, mahali na utanzu, kwa mfano 2024-03-15_Mambrui_shairi_01. Kuanza na mwaka huyafanya mafaili yajipange yenyewe. Kando ya mafaili pawe na daftari, hata kama ni jedwali jepesi, linaloeleza nani alirekodi, kwa lahaja gani, na msimuliaji alitoa ruhusa ya namna gani. Miundo ya mafaili iwe ile inayosomeka kwa programu nyingi: WAV kwa sauti, TIFF kwa picha. Matini za Kiswahili kwa hati za Kiarabu ziandikwe kwa Yunikodi ili zisomeke kesho.

Ruhusa si suala la adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huwalinda wenye data binafsi, na sauti ya mtu anayetambulika ni data yake. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 huzipa jamii haki juu ya sanaa na maarifa yao. Kihifadhi kiteuliwe kile kinachoruhusu kila mtumiaji kupewa mipaka yake. Nyimbo za unyago au maneno ya kaya ambayo wazee waliyatoa kwa sharti la kutotangazwa yasiwekwe katika kabrasha moja na picha za mahafali.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba uteuzi wa kihifadhi cha mtandao wa ndani ni msururu wa maswali yanayoulizwa kwa mpangilio: akiba ni kiasi gani na itakua vipi, itavumilia kifo cha diski ngapi, diski zenyewe ni za aina gani, umeme, chumvi na joto vitakabiliwaje, kifaa kitapata visasisho hadi lini, na nakala ya tatu itakaa wapi. Bei huja mwisho, na ikibana, ni heri kifaa kidogo chenye nakala ya nje kuliko kifaa kikubwa kinachojitegemea. Mwenye uwezo wa diski mbili za nje tu, zikae nyumba mbili tofauti, naye ameanza vyema.

Methali haikukosea. Waliosema akiba haiozi walikuwa watu waliojua kuuwasha moto chini ya uchaga kila jioni. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vya pwani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Pwani kilichopo Kilifi kwenyewe, vinaweza kuanza kwa hatua ndogo: kuzikusanya rekodi za wanachama waliokwisha kuhitimu kabla ya flashi zao kupotea. Kila muhula unaopita, kuna sauti ambazo haziwezi kurekodiwa tena.

MASWALI YA MJADALA

1. Toa istilahi mbadala ya "kihifadhi cha mtandao wa ndani" na uitetee kwa kuzingatia uwazi, ufupi na ukubalifu.

2. Chama chako kina saa 120 za sauti na kurasa 1,500 za miswada. Kadiria nafasi inayohitajika na upendekeze idadi ya diski na mpangilio wake.

3. "Diski pacha si nakala." Jadili kauli hii kwa mifano minne.

4. Je, ni nani mwenye rekodi ya ngano: msimuliaji, mtafiti, chuo au jamii? Eleza jinsi jibu lako litakavyoathiri mipaka ya ruhusa utakayoiweka katika kihifadhi.